Kontena la Wageni

Bandarini wananiita Bi Nionyeshe, na wanadhani sijui. Najua, na jina lenyewe silichukii, maana nimelitolea jasho. Mimi ni mkaguzi wa mazingira katika mamlaka inayosimamia uchimbaji wa mafuta na gesi baharini, na kazi yangu yote, ukiondoa vikao, ni neno hilo moja. Watu hudhani sheria yetu inaiambia kampuni nunua hiki, funga kile, paka rangi hii. Haisemi hivyo. Inasema: wewe ndiye unayetaka kuchimba, basi wewe ndiye utakayeonyesha kwamba mambo yakiharibika utayaweza. Kampuni inaandika mpango wake, sisi tunausoma na kuuhoji, halafu mtu mmoja anakwenda kutazama kama yaliyoandikwa yapo kweli. Mtu huyo ni mimi. Bila saini yangu hakuna anayetoboa hata tundu.

Wiki ile saini yangu ilikuwa inatafutwa kama dawa. Mtambo wa kuchimba ulikuwa umeshakuja, umesimama mbali huko baharini, unaonekana kutoka dirishani kwetu. Kibali kilichobaki kilikuwa kimoja tu, changu. Mkurugenzi akaniita kwenye chumba cha mikutano. Ni mtu mpole, ila ana tabia ya kunyoosha tai kila anapotaka kuomba jambo gumu, na siku hiyo nilimkuta ameshainyoosha mpaka inamkaba.

Ukutani palikuwa na picha kubwa ya ghuba yetu, na mbele yake alisimama meneja wa mazingira wa kampuni. Ofisini tunamwita Bwana Picha. Ukimwuliza saa ngapi, atakuonyesha picha ya saa.

"Mafuta yakimwagika hapa," alisema, akigusa bahari kwa kijiti, "maji yakijaa yatayasukuma mpaka mlango wa ghuba. Lakini sisi tutakuwa tumeshaufunga."

Ndani ya ghuba hiyo ndiko kiliko kiwanda kinachogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Mji wetu hauna mto wala kisima cha maana. Kila bomba, la tajiri na la maskini, linaanzia kwenye wavu wa chuma wa kiwanda kile, na wavu ukinusa mafuta mji mzima utalala na kiu. Ndiyo maana mpango ulisema kampuni itatandaza mkanda wa kuelea, mnene kama gogo juu ya maji na wenye pazia chini yake, kutoka ukingo mmoja wa mlango hadi mwingine, kabla maji hayajajaa. Mkanda huo ulikuwa kwenye makontena matatu bandarini. Mlango ni mpana, na bila yote matatu hauzibiki.

"Mkaguzi ameshuhudia mazoezi yetu mara mbili," alisema Bwana Picha, na picha nyingine ikatokea: mkanda wa rangi ya chungwa, unang'aa, na mimi mwenyewe pembeni nimefumba jicho kwa jua.

"Mazoezi ya kipande tu," nikasema. "Mlango wote hatujaufunga hata siku moja."

"Kipande na kizima, mama, si kitu kilekile?"

Mkurugenzi akashika tai. "Bi Mkaguzi, naomba saini iwe tayari Ijumaa. Ikishindikana, itabidi faili nimpe mwingine."

Nilirudi mezani kwangu damu inachemka. Mwingine huyo nilimjua. Saini yake hutoka kama chafya. Nikausoma mpango upya tangu mwanzo, na sikuona kosa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mpango huu ulikuwa umetembezwa kwa picha mpaka viatu vyake vimeisha soli. Lakini huwezi kumnyima mtu kibali kwa sababu anapenda picha.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe yuko katika mapambano yake. Alikuwa na wageni. Mama mkwe ana kabati la kioo, na ndani yake vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo hata mwanawe, yaani mume wangu, hajawahi kuvinywea. Huvifuta kila Jumamosi kama vinakwenda harusini. Siku hiyo alialika wenzake sita, lakini mmoja akaja na dada yake.

"Mwanangu," alininong'oneza jikoni, "fanya maarifa. Huyu wa saba mtafutie kitu."

Nikatafuta. Tunavyo vikombe, lakini kimoja hakina mkono, kingine kina ufa, na kile cha plastiki cha bluu ndicho kinachokaa na miswaki. Nikakisugua hicho cha bluu kwa nguvu zangu zote, na yule dada wa watu akakipokea kwa adabu, akanywa chai yenye harufu ya dawa ya meno. Wenzake walimtazama kwa huruma.

Wageni walipoondoka nikamtania mama mkwe. "Mama, miaka yote hii ya kufuta vikombe, tumeumbuliwa na mtu mmoja."

"Ningejuaje?" alisema kwa uchungu wa kweli. "Mgeni wa saba hajawahi kuja."

Nilikuwa na sahani mkononi, nikaiweka chini. Akilini nikayaona mazoezi yale mawili tena. Mkanda ni uleule wa rangi ya chungwa, safi, hauna hata kwaruzo. Kontena ni lilelile lenye namba moja, limepakwa rangi mpya na mlango umetiwa grisi. Mara zote mbili walinifungulia kabati la kioo, nami nikanywa chai na kushukuru. Makontena mengine mawili sikuwahi kuyaona ndani, na nikaanza kujiuliza kama kuna aliyewahi.

"Mama mkwe," nikasema, "wewe Mungu akuweke."

"Kwa kikombe cha miswaki?"

"Kwa hichohicho."

Kesho yake asubuhi nilipitia kwa fundi seremala wa mtaani, akanijazia gunia la maranda ya mbao. Maranda huelea na kufuata maji kama mafuta yafanyavyo, na hayamdhuru samaki. Nikaenda moja kwa moja bandarini, bila kumpigia mtu simu. Mpango wenyewe una kifungu kinachosema mkaguzi anaweza kuitisha zoezi la kushtukiza wakati wowote, lakini mazoea yetu yalikuwa kutoa taarifa wiki nzima kabla, ili watu wajiandae. Mazoea hayo ndiyo niliyoyaacha nyumbani.

Msimamizi wa ghala, mtu mnene mkunjufu ambaye haivui kofia ya kazi hata akila, alinijia mikono imefunguka.

"Karibu, Bi Mkubwa. Mbona hatukupewa habari?"

"Mafuta nayo hayapigi simu. Mwenzangu, zoezi limeanza. Yamemwagika sasa hivi kule mtamboni, na maji yanaanza kujaa. Nifungieni mlango wa ghuba."

Nisimwonee: alipiga filimbi papo hapo na vijana wakatoka mbio. Wanaijua kazi yao. Boti ziliwaka, winchi ikanguruma, na mikono minne ikafika kwenye mlango wa kontena namba moja.

"Anzeni na la tatu," nikasema.

Wakasimama. Msimamizi akanitazama kama nimemwambia avae viatu kichwani. "Bi Mkubwa, sisi huanza na hili. Hili ndilo la kuonyesha." Alisema bila hila yoyote, na hapo nikajua kwamba hapakuwa na mwizi wala mwongo. Palikuwa na mama mkwe wangu, ila amevaa kofia ya kazi.

"Na la tatu je?"

"La tatu ni la mafuta yakimwagika."

"Yamemwagika."

Kufuli la kontena la tatu lilikuwa limeota kutu mpaka likawa kipande kimoja na mlango. Walilikata kwa msumeno wa umeme, cheche zikatapakaa. Ndani mkanda ulikuwa mpya kabisa, bado umefungwa nailoni za dukani, na kila mtu akashusha pumzi. Wakauvuta majini, wakatoa na ile ya makontena mawili ya kwanza, wakaanza kuiunganisha, na hapo ndipo kazi ilipokwama. Ile miwili ya kwanza ncha zake zilikuwa za kulabu. Huu wa tatu ulinunuliwa baadaye, kwa muuzaji mwingine, na ncha zake zilikuwa za kupachika kwa pini. Kulabu na pini hazikujuana. Vijana walijaribu kuzioanisha kwa kamba, kwa nyaya, mmoja mpaka kwa mkanda wake wa suruali. Pakabaki tundu la upana wa mlango wa nyumba.

Nikapanda boti, nikatoka nje ya mlango wa ghuba, nikamwaga gunia langu. Maranda yalizagaa, yakageuka na maji, yakajipanga, yakaingia pale tunduni moja moja kama watu wanaokwenda kula.

Tuliporudi gatini Bwana Picha alikuwa ameshafika, anahema.

"Hii si haki. Hukutoa taarifa."

"Kifungu kimo kwenye mpango mliousaini."

"Lakini ni tundu moja dogo tu."

"Ndiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa niambie, bwana, mimi huo ukuta niujengee kwenye bomba la nani?"

Akapapasa mifuko yake, lakini kwa mara ya kwanza hakuwa na picha.

Simu ya Mkurugenzi ilinikuta nikiwa naandika zuio papo hapo, juu ya boneti ya gari. Sauti yake ilikuwa na tai ndani yake. Alisema mtambo unakodishwa, unakaa bure, wakubwa wanampigia. Alisema tena habari ya kumpa mwingine faili. Nikamwambia sawa, mpe, ila kabla hujampa njoo kiwandani kidogo, ni karibu. Nilikuwa nimekasirika, lakini nilisema kwa heshima.

Alikuja. Tukasimama juu ya wavu wa chuma, pale ambapo bahari inageuka kuwa maji ya mji. Wavu ulikuwa umejaa maranda, yamelala juu yake manjano mazito, na mengine yalikuwa yanazidi kuja. Nikamweleza yametoka wapi. Mkurugenzi alichutama na viatu vyake vya ngozi, akachota maranda kwa kiganja, akayakamua. Kisha akalegeza tai.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema.

"Mafuta ndiyo kabisa, Mkurugenzi."

"Zuio lako liko wapi?"

Nikampa. Alilisoma, akaweka saini yake chini ya yangu. Kisha akawapigia simu wale wakubwa waliokuwa wakimpigia, nami nikisikia. Aliwaambia mtambo utasubiri mpaka kampuni ionyeshe, na kwamba aliyefanya hivyo si mkaguzi, ni sheria, na yeye mwenyewe Mkurugenzi. Nilitamani kumkumbatia, lakini nikajizuia.

Kampuni ilinuna kwanza, kisha ikafanya kazi. Karakana ilichonga viungo vya chuma vyenye kulabu upande huu na pini upande ule. Makufuli yakabadilishwa. Bwana Picha, nasikia, alishinda ghalani siku nyingi, na nilipomwona tena hakuwa na kijiti.

Nilichagua Jumapili ya bamvua, maji yalipokuwa na nguvu kuliko siku zote, nikaingia bandarini na magunia mawili. Msimamizi wa ghala aliniona kwa mbali. Safari hii hakufungua mikono, aliifunga kifuani na kucheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Tuanze na lipi?"

"Wewe huanza na lipi?"

"Chagua wewe, Bi Nionyeshe. Lolote."

Lilimtoka mbele ya wote, na vijana wakaangalia chini. Nikasema la pili, kisha la tatu, la kwanza liwe la mwisho. Milango ilifunguka kwa kidole. Mkanda ulitoka kama uzi unavyotoka kwenye kibiringo, boti zikaubeba, viungo vikaitika kimoja baada ya kingine, na mlango wa ghuba ukazibwa ukingo hadi ukingo huku maji bado hayajashika kasi. Bwana Picha alikuwa majini mpaka kiunoni, ameshikilia kamba ya ncha ya mwisho, suruali yake nzuri imekwisha.

Nikamwaga magunia yote mawili. Maranda yakaja na maji yale makali, yakaupiga mkanda, yakarudi nyuma, yakaja tena. Yakarundikana mstari mrefu wa manjano, nje. Ndani ya ghuba maji yalikuwa meupe. Tukangoja mpaka yakajaa kabisa, na nikapita na boti upande wa ndani, polepole, nikitafuta hata unyuzi mmoja. Sikuupata. Niliponyanyua mkono bandari nzima ililipuka kwa vifijo, filimbi ikapigwa mpaka ikakauka, na mimi, mtu mzima na wadhifa wangu, nikalia waziwazi kwa furaha.

"Umeona?" alipiga kelele Bwana Picha kutoka majini.

"Nimeona," nikajibu, na nikatia saini palepale, karatasi ikiwa imelowa.

Nilifika nyumbani nywele zina chumvi. Mama mkwe alikuwa peke yake, hakuna mgeni hata wa dawa, lakini kabati la kioo lilikuwa wazi na vikombe vyote sita vimepangwa mezani, kile cha bluu katikati yao.

"Vimekaa sana," alisema, kama anayejitetea. "Nimeona tuanze kuvitumia, tujue kama vinavuja."

Nikachukua kimoja chenye ukingo wa dhahabu, nikaenda jikoni, nikafungua bomba. Maji yakatoka, safi, yakajaa mpaka juu. Nikampelekea yeye kwanza.