Mkono Nyuma ya Injini

"Hakuna injini duniani yenye kona ambayo mkono huu hautafika," Supana alitangaza, akiukunja na kuukunjua mkono wenyewe mbele ya abiria waliokaa kwenye mabenchi ya gati, utadhani anaunadi. "Nipeni muda wa kunywa chai tu. Na chai yenyewe isiwe ya moto sana."

Mjomba wake, nahodha na mwenye boti, hakucheka. Jana yake boti ilirudi ikitoa mvuke pale inapotakiwa kutoa maji. Alichomoa ufunguo wa chumba cha injini mfukoni, akauning'iniza mbele ya pua ya Supana.

"Mpwa wangu, tukivuka leo, ufunguo huu unauvaa shingoni, na fundi wa boti ni wewe. Tusipovuka, namwita yule fundi wa ng'ambo, wewe urudi kuziba pancha za baiskeli."

Akafungua chumba cha injini, akaenda zake kutafuta dizeli. Supana alikuwa akiziba pancha tangu amalize shule. Afadhali alambe lami kuliko kurudi huko.

Ugonjwa ulijulikana: impela imekufa. Ni kile kigurudumu cha mpira chenye mapezi kama ua lililochanua, kinachozunguka ndani ya pampu na kuvuta maji ya nje yaje kuipoza injini. Kipya alikuwa nacho. Taabu ni kwamba aliyeunda boti ile aliiweka pampu nyuma kabisa ya injini, ikatazamana na ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu. Kuiona huiwezi. Unapitisha mkono kwenye upenyo kati ya chuma na mbao, mengine unamwachia Mungu.

Supana akapitisha mkono. Ukaingia hadi kiwiko. Vidole vikagusa kichwa cha skrubu ya kwanza, akatabasamu, akasukuma zaidi. Ndipo alipogundua kwamba mkono ulioingia kwa adabu haukuwa na mpango wa kutoka.

Alivuta. Akaimba kidogo, ili walio nje wadhani kazi inanoga. Akavuta tena, wimbo ukageuka ukelele. Kwa mkono uliobaki huru akapiga simu saluni, ng'ambo ya barabara.

"Dada, njoo kwenye boti. Njoo na sabuni ya maji. Na mjomba asijue."

Dada yake, msusi, alikuja na chupa ya sabuni mkononi na chanuo limechomekwa kichwani. Nyuma yake akaja mteja, mama wa makamo, upande mmoja wa kichwa umesukwa mistari myembamba, upande wa pili nywele zimesimama wima kana kwamba zimesikia habari mbaya.

"Mimi siachwi kichwa nusu," mama alisema, akijiketisha kwenye ngazi. "Na boti hiihii ndiyo inanipeleka kumwona mjukuu wangu wa kwanza. Fanyeni kazi, nawatazama."

Sabuni ikamwagwa, mkono ukachomoka kwa sauti kama ya busu. Ulikuwa mwekundu, umevimba kama andazi. Kuurudisha kule ilikuwa ndoto.

"Basi," Supana alisema, akikaa chini. "Pancha zangu zinaniita."

Dada aliutazama upenyo, kisha akavitazama vidole vyake. "Skrubu zenyewe zikoje?"

"Huwezi kuziona."

"Nimekuuliza zikoje, sijaomba kuziona. Mimi nasuka huku natazama tamthilia. Ulishaona nimepinda mstari?"

Akapitisha mkono. Ukapita mzimamzima, kama uzi kwenye tundu la sindano. Akafumba macho.

Supana alikuwa na utani wa kila jambo, hata misibani walimkalisha mbali. Lakini pale alinyamaza. Skrubu zilitoka moja baada ya nyingine, dada akizibana midomoni kama anavyobana vibanio vya nywele. Hakuna iliyoanguka. Bisibisi fupi ilirudi gizani na kupata njia yake kila mara. Chini ya kope zilizofumbwa, macho yake yalikuwa yakitembea, yakifuatilia kitu ambacho Supana hakuwa akikiona. Vidole hivyo alivijua tangu utotoni; vilimfunga kamba za viatu, vilimtoa miiba, vilimfinya. Hakujua kwamba vina macho.

Kifuniko kilipolegea, maji yakaruka hadi usoni mwao. Supana alikuwa amesahau kufunga koki inayoingiza maji ya nje! Akakirukia kimkono chekundu cha koki, akakizungusha.

"Mnaitengeneza au mnaizamisha?" mama aliuliza, miguu juu.

Impela ya zamani ikatoka, imenyofoka mapezi. "Vipande vimo kwenye bomba," Supana alinong'ona. "Vikibaki, maji hayapiti." Kidole cha dada kikaingia kama cha mtu anayetafuta chawa, kikavileta kimoja kimoja. Supana akavipanga kiganjani, kila kimoja penye jeraha lake, mpaka ua likatimia.

"Sasa mpya. Ipake sabuni. Mapezi yote yalale upande mmoja, yafuate mzunguko."

"Kama nywele."

"Kama nywele," Supana akarudia, bila kuongeza mzaha.

Kifuniko kikarudi, skrubu zikarudi. Wakawasha injini, wakainama nyuma ya boti wote watatu, wakilitazama bomba la kutolea maji. Bomba likatoa moshi. Moshi mtupu.

"Kile kimkono chekundu ulichokirukia," mama alisema, "ulikirudisha?"

Supana alikimbia kuifungua koki. Bomba likakohoa, likatema, kisha maji yakamiminika, mazito, bila kukatika. Dada akayakinga kwa kiganja.

"Ya vuguvugu," akasema taratibu. "Yamepita mle mote gizani, yamerudi."

Pipa la dizeli likasikika likibiringishwa gatini. "Dada, nakuomba, rudi saluni," Supana alinong'ona. Dada akamtazama, akacheka, akafuta mkono. "Utajijua." Mama akafunga kilemba haraka, muda wa kumalizia kichwa haukuwepo.

Walipokuwa katikati ya maji, ufunguo ukiwa shingoni mwa Supana, abiria wakataka kusikia.

"Nikapitisha mkono," alisema, "nikafumba macho. Basi vidole vyenyewe vikaanza kuona. Mle gizani! Skrubu hata moja haikuanguka." Sauti ilimtetemeka, na hakuwa akiigiza. "Jamani, niliogopa. Niliogopa kama niko mbele ya muujiza."

Kwenye benchi la mbele, mama mmoja alikuwa akifungua kilemba chake pole pole. Upepo ukazishika nywele za upande usiosukwa.

"Endelea, mwanangu, unasimulia vizuri," alisema. "Ila waeleze na hili: wakati vidole vyako vinaona, msusi wangu alikuwa wapi?"

Abiria wakakitazama kichwa kile, kisha wakautazama mkono wa Supana, uliovimba kama andazi. Kule kwenye usukani, mjomba hakugeuka. Alinyoosha tu kiganja nyuma, wazi, akingoja ufunguo.