Mzigo wa Ndelilio

"Haikugoma!" Mama alikuwa amesimama kwenye ua wa masale, mundu wa kukatia majani ya ng'ombe mkononi. "Sanamu haigomi, Thadeus. Mama yangu ndiye aliyeshikwa uchungu!"

"Mama Mektrida, wanaume wanne walishindwa kuinyanyua. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

Mwalimu Thadeus, jirani yetu na mwenyekiti wa kamati ya jubilei, akakohoa. Aliyeandika ni yeye.

Ilikuwa Agosti 1998. Kahawa haikuwa na bei, watu wanang'oa mibuni wapande nyanya, na kilichobaki kutuletea wageni mlimani ni Kanisa la Mfongoni na hadithi yake. Mahujaji walipanda hadi kutoka mashamba ya miwa kule bondeni. Mimi nilitoka Pasua, kule Moshi mjini, ninakouza mitumba, na kijitabu cha Thadeus nilikisoma njiani. Nilifika nyumbani nimekikunja kama fimbo.

Kijitabu kilisema hivi: mwaka 1928 sanamu ya mti ya Bikira Maria ilipandishwa kutoka Moshi. Ilipofika kwenye mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba wazee wetu, ikawa nzito ghafla. Wanaume wanne, babu yake Thadeus akiwa wa mbele, hawakuweza kuisogeza. Padre akasema Mama Maria amejichagulia mahali pa kujengewa kanisa.

Uongo mtupu! Sanamu ilibebwa na wanawake, kwa zamu, kichwani, juu ya kata ya majani makavu ya mgomba. Zamu ya bibi yangu Ndelilio ilipofika, na tumbo lake la miezi tisa, hakuna aliyemwambia pumzika. Kwenye mfongo akaitua mwenyewe, akaketi, akazaa. Wenzake wakamzingira, wakakataa kusogea hata hatua moja, na hao wanaume wanne waliotumwa kuichukua sanamu walifukuzwa kwa fimbo. Mtoto aliyezaliwa pale ni mama yangu. Kanisa na yeye wana umri mmoja. Lakini ndani ya kijitabu hakukuwa na mwanamke hata mmoja, isipokuwa huyo wa mti, sanamu yenyewe.

Jumapili ya jubilei Thadeus akasoma hadithi yake kwa kipaza sauti, suti mpya, shingo juu. Alipofika pale "ikawa nzito ghafla", mama akatoka kwenye benchi, akatembea taratibu hadi lile jiwe mbele ya altare ambalo mahujaji hulibusu, wakiamini ndipo sanamu iligoma, akaketi juu yake. Akanyoosha miguu.

Wakaja vijana wanne wenye riboni begani. "Bibi, shikamoo. Inuka, unatuaibisha."

"Marahaba. Ninyanyueni."

Wakajaribu. Mwanamke mkavu kama ukuni! Akajilegeza kama mtoto anayekataa kuogeshwa, akawaponyoka mikononi. Bibi Digna, mzee mwenzake, akatoka benchi la nyuma, akaketi kando yake. Kisha Salvina. Kisha mimi, na kitenge changu kipya kwenye vumbi la watu.

"Endelea kusoma, Mwalimu!" sauti ikatoka upande wa wanakwaya. "Wanaume wanne wameshindwa!"

Kanisa zima likacheka. Thadeus akakifunga kijitabu. Akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti hakitunzi siri: "Bibi yangu aliniambia. Ndiye aliyempikia yule mzazi mtori."

Yaani alijua! Mtori, ndizi na nyama za kupondwa, hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Nimeshawasamehe walioniibia marobota ya nguo sokoni, maana njaa naielewa. Lakini mtu kumfuta hadi bibi yake mwenyewe, ili babu apate sifa ya kushindwa kubeba kitu?

Jioni Thadeus akaja na jani la sale, mmea ule wa uani, lililofungwa fundo. Kwetu anayeomba radhi kwa sale hafukuzwi. Siku ile nilitamani wazee wangeacha mwanya kwenye sheria hiyo.

"Na vijitabu?" nikamuuliza, nimeziba mlango.

"Vimeshachapwa, Victoria."

Vinauzwa mpaka leo. Pasaka iliyopita mjukuu wangu aliniletea kimoja, ananionyesha muujiza.

Jioni ile mama akanisukuma pembeni kwa kiwiko. Akalipokea jani, akalichomeka juu ya mlango.

"Ingia ndani ule, Thadeus," akasema. "Ni mtori wa bibi yako."