Lori Linarudi Mbeya

...na bado anacheka, mtazame, amekaa kwenye benchi la marehemu, ndani ya koti la marehemu, miguu kaitupa mbele kama mwenye nyumba, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo ili mgeni asione, lakini Zita anaona, ameona tangu asubuhi, tangu huyu Isakwisa alipoingia uani bila hodi akajibwaga pale kungoja, na Zita akajiuliza anangoja nini, kumbe alikuwa anangoja hili, swali hili moja tu ambalo Ndugu Adolfu, mtu wa kampuni ya magari ya Mbeya, ameliuliza sasa hivi bila ubaya wowote, penseli mkononi, upepo unamvuta suruali huku na huku, "Mama, na tairi la spea liko wapi?", na Zita amesimama karibu na mlango wa lori, funguo zimemjaa kiganjani, baridi, jibu analo, hajalitoa, na mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda, Adolfu alikwisha piga matairi teke moja moja, akafungua boneti, akawasha injini akainamisha kichwa kuisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, akasema, "Marehemu alilitunza gari lake," na Zita akaitikia kwa kichwa, ndiyo, alilitunza, alilifuta vumbi kwa kanga zangu, kanga nzuri, za kuvaa, alizianua zote kambani akafutia vioo, na nilipouliza akasema nguo zitanunuliwa nyingine, Zita, gari halinunuliwi mara mbili... haya, Asajile, halikununuliwa hata mara moja, ulikopeshwa, umekufa na homa ya mapafu katikati ya mkopo, ukaniachia lori mlangoni na ndugu yako kwenye benchi.

Na huyu ndugu yako alikuja kwenye mazishi kutoka Tukuyu na mfuko mmoja, akalia kuliko wote, akalia mpaka watu wa Chanji wakamshika mikono asijitupe kaburini, na matanga hayajaisha vizuri akazitungua funguo pale ukutani, "Shemeji, gari lisikae, gari likikaa linaoza," na Zita akasema sawa shemeji, asante shemeji, kwa sababu ndivyo inavyosemwa, na lori likaondoka, Laela, Mpui, Namanyere, mahindi ya watu, ulezi wa watu, abiria juu ya magunia, linarudi limechoka na Isakwisa anarudi amelewa, na hakuna hata mwezi mmoja aliopeleka malipo Mbeya, hata mmoja, wakati jina lililoandikwa kwa kampuni baada ya jina la Asajile ni la Zita, Zita ndiye mdhamini, nyumba hii ya Chanji ndiyo dhamana, tofali alizofyatua yeye na mumewe mabondeni, bati alizozihangaikia yeye, kwa hiyo huyu anaendesha, nyumba inaliwa, na alipomwambia, akiwa amempakulia chakula, akiwa amemnawisha mikono kabisa, shemeji wa watu akatafuna taratibu, akameza, akasema, "Wewe ni wa kwetu, gari la kwetu, nyumba ya kwetu, sasa unaogopa nini?" na akaongeza kwamba wazee huko nyumbani wameshazungumza, kwamba mwanamke haachwi peke yake, kwamba marehemu akiwa na mdogo wake hajafa kabisa... na alipokuwa akisema hivyo hakumtazama Zita usoni, alitazama nje, lori, ndipo Zita alipoelewa kwamba kwa huyu mtu yeye na lori ni kitu kimoja, mwenye kushika usukani amemshika na yeye, akienda na lori Namanyere akirudi na lori Chanji anarudi kwangu, kitandani kwangu, basi lori litoke, akasema moyoni akikusanya vyombo, litoke mlangoni kwangu hata kama sitabaki na msumari wake mmoja.

Akapanda basi hadi Mbeya akiaga kwamba anakwenda kuhani msiba, akakaa mbele ya meza ya watu wale akiwa na kilemba chake cheusi, akaambiwa kumbe inawezekana, mtu akivuka nusu ya malipo anaweza kulirudisha gari mwenyewe kabla ya muda, mkataba ukafa hapo hapo, asidaiwe wala asidai, ila liwe zima na liwe na vifaa vyake vyote, "vyote, mama, umesikia?" amesikia, nusu walishaivuka siku nyingi, na Jumapili, Isakwisa akiwa amelala fofofo benchini kwa pombe, Zita akazichukua funguo mfukoni mwa koti hili hili, na tangu siku hiyo wiki nzima imekuwa ni kugombana, kwanza kwa sauti ya chini, halafu kwa sauti ya juu, halafu Isakwisa akanyamaza, na hapo ndipo Zita alipoogopa, maana tairi la spea hukaa chini ya bodi, kwa nje, halihitaji funguo, linahitaji spana na roho mbaya tu, na juzi Emerensiana, muuza pombe wa Katandala ambaye Isakwisa amepanga chumba kwake, alimvuta Zita pembeni baada ya Misa ya asubuhi akamwambia huku akijizuia kucheka, "Dada, mpangaji wangu kaingiza tairi chumbani, liko chini ya kitanda, analilalia kama mke," kwa hiyo jibu analo, Ndugu Adolfu, jibu liko Katandala, nyumba ya tatu... nyumba yenye mlango wa bluu, chini ya kitanda, sema basi, Zita, sema, lakini nitasemaje, nitasimama uani kwangu na kilemba cha msiba kichwani niseme mbele ya mgeni kwamba ndugu wa mume wangu ni mwizi, na ukuta ule una masikio, majirani wote wametoka kuanika nguo siku ambayo hakuna aliyefua, na tayari wanasema, wanasema yule Mfipa ndiye aliyemmaliza mume wake ili ale mali, wanasema kwa nini hakulia sana, wanasema alikwenda Mbeya kufanya nini.

"Mama?" anasema Adolfu, "bila hilo siwezi kusaini, utanielewa," sauti yake ni ya upole, ya upole mno, upole wa mtu ambaye jioni atakula kuku nyumba ya wageni na kesho hatakumbuka jina langu, usinionee huruma, ndugu yangu, kagua gari, na hapo Isakwisa anakohoa, anasema kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anayetaja hali ya hewa, Adolfu haelewi lakini Zita anaelewa kila neno, alijifunza lugha ile jikoni na kitandani kwa mapenzi, sasa angalia inachotumikia, "Mwambie umebadili mawazo, shemeji, tairi litarudi kabla ya jua kuzama, ukikataa nitasema uliliuza wewe, na nani atakayekuamini," kisha kwa Kiswahili, kwa mgeni, anatabasamu, "Namkumbusha tu shemeji yangu, msiba umemchanganya, anasahau sahau," na Adolfu anatikisa kichwa kwa masikitiko, anasikitika kweli, mjinga, na Zita anakaribia kusema sawa, neno liko pale pale kwenye ncha ya ulimi, sawa shemeji, limesemwa mara nyingi sana neno hilo linajua njia lenyewe, ningesema tu mambo yakatulia, watu wakaingia ndani na nguo zao, lori likabaki, yeye akabaki...

Lilaaniwe lori hili, anaegemea mlango wake na ubaridi wa bati unapenya gauni, mlango huu huu, Zita alikaa ndani yake siku ile, mbele, karibu na joto la injini, mwaka wa operesheni, watu wote wa vitongoji wakitakiwa kuhamia kwenye vijiji vipya, na Asajile alipata kazi ya kuwabeba, safari baada ya safari, lori halijawahi kulipa kama msimu ule, akasema, "Nikikataa mimi watachukua mwingine, afadhali mama yako abebwe na mtu anayemjua," na Zita aliona ni kweli, akafuatana naye mpaka kijijini kwao, Kate, na mama yake, Albina, alipandishwa nyuma na majirani zake, na kuku, na vyungu, na jiwe lake la kusagia, ulezi ukiwa bado umesimama shambani hakuna wa kuuvuna, na njia nzima hakuna aliyesema kitu, Zita hakugeuka hata mara moja kutazama kwenye kidirisha cha nyuma, Asajile naye alishika usukani kama mtu aliyetiwa gundi, na walipofika ng'ambo ya Kate, porini, vigingi vimepigwa kwenye nyasi kila familia na kigingi chake, watu wakashuka mmoja mmoja kimya kama wanaoshuka kaburini, isipokuwa mama, mama alibaki amekaa juu ya jiwe lake katikati ya bodi tupu, mkubwa mmoja wa operesheni akafoka, wewe bibi, teremka, Asajile ikabidi azunguke nyuma, macho chini, mkwe hamtazami mkwe, akanong'ona, "Mama, tafadhali," na mama akasimama, kamwanamke kale kembamba, akanyosha mkono akamwonyesha kwa kidole, akasema kwa Kifipa halafu akarudia kwa Kiswahili ili hata mkubwa yule aelewe, "Huyu ni mkwe wangu! Amekula ulezi wangu, amelala chini ya paa langu, leo amenimwaga porini kama mzigo. Nyote mmemwona. Msije mkasema hamkumwona," kisha akashuka mwenyewe, akakataa mkono wa kila mtu, na Zita mle ndani ya kabini alijifunika uso kwa kanga kwa aibu, aibu, mama gani huyu, mtu mzima hana staha, anamtaja mkwe wake hadharani, anamnyoshea kidole, na kurudi njia nzima alimwomba Asajile radhi, samahani mume wangu, ni uzee, na Asajile akasema yameisha, na tangu siku ile kila anapomkumbuka mama yake anakumbuka kidole kile na anajikunyata, hata msibani, mama alipokuja akakaa pembeni na wanawake wa Kate, Zita alimsalimu haraka haraka, shikamoo mama, akapita, akiogopa asije akasema kitu mbele ya wakwe.

Lakini alisema uongo gani... ngoja, alisema uongo gani siku ile, alikula ulezi wake, ndiyo, alilala kwake, ndiyo, alimmwaga porini, ndiyo, sote tuliokuwa kwenye lori lile tulijua, walioko nyuma walijua na sisi tulioko mbele tulijua, na mmoja tu ndiye aliyefungua mdomo, na mimi nikajifunika uso, si kwa ajili yake, sasa naona, si kwa ajili yake hata kidogo, aibu ilikuwa imekaa upande wangu, kwenye joto, mimi nikaichukua nikamvika yeye, na miaka yote hii namwomba radhi kila mtu isipokuwa mwenyewe, na huyu hapa kwenye benchi anajua hilo, ndicho anachokitegemea, hategemei tairi, tairi ni la mpira tu, anategemea kwamba mimi nitajifunika uso, amekaa pale ameegemea kimya changu kama anavyoegemea ukuta, Asajile naye alikiegemea, Mungu amrehemu, alikiegemea akaniandika mdhamini, akaniambia weka sahihi hapa Zita na mimi nikaweka nikarudi jikoni, wote wanakuja kuegemea, basi leo ukuta umesogea, ndugu yangu, shika benchi, na majirani waanike nguo zao kavu mpaka zichoke, waseme Mfipa hana adabu, waseme ana ulimi wa mama yake, Mungu awasikie waseme hivyo, na lori liende zake, sitalitazama likiondoka, sitabaki na chochote, nitabaki na nyumba na mlango unaofungwa kwa ndani, na Jumamosi nitakwenda Kate, hapana, ng'ambo ya Kate, kwenye kile kigingi, nitakaa chini, kwenye vumbi, sijui nitamwambia nini, nitakaa tu.

Upepo unavuma, kuku anakwaruza chini ya lori, Adolfu bado ameshika penseli, hajachoka, hata dakika chache hazijapita, na Isakwisa bado anacheka kwa upande ule ule wa mdomo, ananyosha miguu zaidi, na Zita anamtazama moja kwa moja usoni, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu aolewe katika ukoo ule, anaona kijana mwenye ndevu chache na macho mekundu, basi, ni hicho tu.

"Liko Katandala," anasema, kwa sauti ya kufika hata kule nguo zinakoanikwa, "kwenye nyumba ya Emerensiana, mlango wa bluu, chini ya kitanda cha huyu. Alilifungua mwenyewe. Panda, Ndugu Adolfu, tukalichukue sote, na wewe Isakwisa utapanda nyuma."

Na hakuongeza neno shemeji.