Kosa la Tatu

Miaka hiyo kompyuta ilijaza chumba kizima, ikapulizwa baridi kutwa, na haikujua kusoma karatasi. Ilisoma matundu. Kwa hiyo chumba cha jirani walikaa wanawake kumi na wawili wakiitobolea kadi, na mwenye kasi kuliko wote aliitwa Mama Vidole. Vidole vilikuwa vizima. Macho ndiyo yaliyokuwa yakimtupa.

Nyuma yake aliketi wifi yake, dada wa mumewe. Wifi wa undugu, si hii ya kwenye simu, ingawa na yeye alinasa kila kitu hata nyuma ya ukuta. Kazi yake ilikuwa ukaguzi: anapiga upya tarakimu zilezile, na zikitofautiana na matundu, mashine inasimama na taa nyekundu inawaka. Kadi safi mashine yake iliikata pengo dogo ubavuni, na pengo hilo ndilo lilikuwa sahihi yake.

Msimamizi walimwita Bwana Tatu. Makosa matatu kwa siku, unakwenda nyumbani moja kwa moja. Mama Vidole alikuwa na mawili tayari, na mumewe alikuwa kitandani mwaka wa pili sasa. Miwani hakuthubutu, kuivaa mle ilikuwa kujitangaza.

Siku hiyo walitoboa alama za mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Aliona 31, akatoboa 31. Fomu ilipokwisha kwenda nyuma na kadi yake, ndipo moyo ulipomruka alipokumbuka: ile tatu ilikuwa imefungwa upande wa kushoto. Ilikuwa nane.

Mashine ya nyuma ikasimama.

Kwisha kazi, aliwaza, jasho likimtiririka. Akangoja kuitwa. Hakuitwa. Mashine ikaendelea kugonga kana kwamba hakuna lolote.

"Wifi," alinong'ona bila kugeuka, "umeipitisha?"

"Nimepitisha nini? Fanya kazi."

"Ile ni themanini na moja."

"Najua, mimi macho ninayo; nimepiga thelathini na moja makusudi. Wewe ukifukuzwa, kaka yangu nimlishe matundu?"

"Mtoto wa watu atafeli, wifi."

"Nyamaza. Sanduku linaondoka."

Kweli, mtu wa koti jeupe kutoka chumba cha kompyuta alikuwa ameshaliinamia sanduku la kadi. Mama Vidole akapima yote mawili. Akisema kadi ina kosa, wataona pengo, na wifi yake ataondoka naye. Akinyamaza, mtoto asiyemjua atakaa nyumbani maisha yake yote.

Akainuka. "Samahani kidogo." Akaichomoa ile kadi kutoka juu ya rundo, akaichana vipande vipande, pengo na yote.

"Umefanya nini?" Bwana Tatu alifoka.

"Nilikosea, bwana. Ni la tatu hilo."

Bwana Tatu alichora mstari wa tatu kwenye daftari lake, taratibu. "Itobolewe na kukaguliwa upya, ndipo uende. Nani anatoboa?"

"Mimi," wifi yake alisema. Akahamia mashine ya Mama Vidole, akatoboa, na kwa kuwa mtu hakagui kadi yake mwenyewe, akamwachia yeye kiti cha ukaguzi.

Mama Vidole akaketi. Akaiinua fomu mbele ya wote mpaka ikagusa pua yake, akasoma bila haraka wala aibu. Akapiga nane. Akapiga moja.

Taa haikuwaka.