Mchana wa Araba Bentsil

Redio ya Ewia FM ilipoanza pale Sekondi, pwani ya Ghana, ilipiga hailaifu, muziki wa dansi wa huko, asubuhi hadi jioni. Baadaye ikaokoka, ikawa nyimbo za injili tupu. Kisha ikahamia kwenye mpira. Kote huko mtangazaji Araba Bentsil hakung'oka. Kipindi chake cha mchana, cha santuri za zamani na soga za Kifante, lugha ya pwani ile, kilisikilizwa na wanawake wanaobanika samaki sokoni, na hakuna meneja aliyethubutu kukigusa.

Ekow Abaidoo alithubutu. Alikuwa meneja mpya, mpole wa sauti, na alimweleza Araba kwamba sasa stesheni ni ya vijana: nyimbo zitachaguliwa na kompyuta, mtangazaji ataongea Kiingereza, tena kwa kifupi. Ijumaa Araba angefunga kipindi chake. Meneja akampa karatasi ya kusoma hewani.

Araba aliisoma palepale mlangoni. Kufungwa kwa kipindi hakukumshtua, alikuwa amekwisha kunusa. Kilichomkera ni mstari mmoja uliosema kwamba kipindi kinafungwa kwa maombi ya wasikilizaji wenyewe.

"Nani ameomba?" aliuliza.

"Ni lugha ya biashara tu, Anti. Soma yaishe."

Ijumaa alivaa kitenge chake cha sherehe, akapiga santuri mbili, kisha akavuta kipaza sauti karibu.

"Jamani, nimeletewa karatasi hapa. Inasema nyinyi ndio mmeomba nifungiwe. Mimi sijawasikia. Aliyeomba apige simu sasa, aniambie mwenyewe."

Simu zikafuatana. Wa kwanza alikuwa Esi Kakraba, mbanika samaki mwenye ulimi wa upupu.

"Araba, mimi sijaomba kitu. Ila kama huyo meneja anataka maombi, mwambie aje huku kwenye moshi, tumwombee vizuri."

Abaidoo akaingia studio, akamwashiria aweke tangazo la biashara. Araba akatikisa kichwa na kupokea simu nyingine. Meneja akatoka, na baada ya muda mfupi taa zote za mitambo zikazimika. Alikuwa amekata matangazo ya stesheni yake mwenyewe.

Araba alikusanya santuri zake akashuka ngazi. Hakulia mpaka alipofika nyumbani.

Jumatatu alikuwa sokoni, kwenye kibanda cha Ebo Turkson, mzee aliyetangaza misiba na mbuzi waliopotea kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mlingoti. Ebo alimwachia kipaza sauti mchana wote. Sauti ilikwaruza, na upepo ukigeuka nusu ya soko haikusikia kitu. Wanawake waliosogea karibu walihamisha na majiko yao.

Mwaka haukuisha kabla Ewia FM haijageuka tena. Vijana walikuwa na simu zao, redio ya nini? Sasa zikatakiwa nyimbo za nyumbani, na Abaidoo akaja sokoni, viatu vyake vikikanyaga magamba ya samaki. Alisema mambo yamebadilika, kiti chake kinamngoja.

"Nitarudi," Araba alisema, "ukisema hewani kwamba mliwasingizia wasikilizaji."

"Anti, hayo yamepita. Nani anakumbuka?"

Araba akamsogezea kipaza sauti cha Ebo. "Basi waulize hapa."

Abaidoo aliwatazama wanawake, nao wakamtazama, visu vikiwa bado mkononi. Esi akamwambia aongee kwa sauti, huku nyuma hawasikii vizuri. Meneja akageuka akaenda zake.

Kiti kile walimpa binti mmoja kutoka Takoradi. Araba alimsikiliza siku moja kwenye redio ya jirani. Akasema binti anajua kuchagua nyimbo, ila anaharakisha maneno, na kama angekuja sokoni angemfundisha kupumua.