Nukta Iliyogoma Kufutwa

Nimeshiba makande, feni la ofisini linazunguka kwa kusuasua, na mbele yangu kompyuta imejaa nukta. Kila nukta ni mtu aliyelazwa kwenye mashine akapigwa picha ya ubongo, kisha akakalishwa kwenye mtihani wa akili. Ikiwa kulia zaidi, ubongo ni mkubwa zaidi. Ikiwa juu zaidi, alama ni nyingi zaidi. Majina hayapo, ni nukta tu. Dokta Nkini, bosi wetu, anataka mstari unaopita katikati ya nukta hizo upande juu kwa madaha kabla hajafunga ripoti leo, na amenionyesha kwa kidole nukta moja iliyojitenga, kushoto kabisa, juu kabisa. Hiyo inatuharibia, kasema, ifute. Naweka kidole kwenye kitufe, nasema ngoja nifumbe macho kidogo tu, na kidole kinazama. Unafuata mkono, linafuata bega, na kichwa changu, ambacho tangu utotoni wanakiita boga, kinakwama kidogo halafu kinapita.

Nasimama kwenye uwanja mweupe uliochorwa vyumba vyumba kama daftari la hesabu. Barabara mbili zinaanzia miguuni pangu, moja imelala kuelekea kulia, nyingine imesimama wima kama ngazi, na hakuna hata moja yenye mwisho. Mwenyeji ananisubiri. Hana uso, ni laini kama yai la kuchemsha lililomenywa, ila kavaa tai. Shikamoo, namwambia, maana mtu asiye na uso utamjuaje umri? Marahaba, anajibu, sijui kwa mdomo upi. Hii barabara iliyolala inakwenda wapi? Inakwenda kwa wenye kofia kubwa, anasema. Na kofia kubwa zinakwenda wapi? Zinakwenda kichwani, lakini hazijui kilichomo. Haya bwana, nasema moyoni, leo nimepata mwenzangu wa porojo. Tunatembea, au barabara inatembea na sisi tumesimama, tunaingia Mji wa Vichwa Vidogo, mama mmoja anamfunga mumewe kwenye mchezo wa bao huku anamenya vitunguu, na jirani yake anamwagilia maua mvua ikinyesha. Tunapita chini ya tao la kioo, tunaingia Mji wa Vichwa Vikubwa, na ni mtaa uleule uliogeuzwa, mama anamfunga mumewe bao kwa mkono wa kushoto, jirani anamwagilia maua mvua ikinyesha, ila milango ni mipana. Natazama sana. Labda huku wanaojua bao wamezidi kidogo, kama chumvi inayoongezwa baada ya kuonja. Mbele zaidi, kulia kupita wote, kasimama tembo peke yake. Na huyu je? Ubongo wake unaushinda wako mara kadhaa, anasema mwenyeji, muulize kwa nini hajakuajiri.

Nacheka mpaka uwanja unatikisika, na unapotulia naona kamba. Imevutwa kutoka mji hadi mji, inapanda, lakini kwa uvivu, na watu wametapakaa juu yake na chini yake kama mchele uliomwagika. Wengine wasio na uso, kama mwenyeji, wanaishika huku na huku, wanaivuta, haikaziki. Nini hiki, anauliza mwenyeji, kikivutwa kinadanganya, kikilegea kinasema kweli? Sijui, namwambia, na hapo nasikia sauti kutoka juu kushoto. Wewe boga! Umekuja na ufagio? Natazama mkononi, kweli nina ufagio. Natazama juu, namwona Bi Skola Mapunda, mwenzangu wa meza ya jirani, yule aliyenifundisha takwimu nilipokuwa narudi darasani na ndevu baada ya miaka ya kuuza mitumba, yule aliyekuwa wa kwanza kuingiza kichwa chake kwenye mashine watu wengine walipoiogopa. Kichwa chenyewe ni kama ndimu. Akili yake mtaijua mkikaa naye dakika tano.

Basi ile nukta ni wewe, namwambia. Ulidhani ni nani, anasema, mjomba wako? Mwenyeji ananigusa bega. Mfagie. Kamba itakazika, lango la kwenu litafunguka. Usipomfagia, utazunguka miji hii miwili milele. Na yeye atakwenda wapi? Aliyefagiwa hakuwahi kuwepo, anasema. Hiki si kitendawili, nakielewa chote. Miguu ya Bi Skola imeanza kufifia. Bado anatabasamu, lakini mkono wake umeshika ukingo wa chumba chake kwa nguvu. Nyaulingo, ananiita, na huwa haniiti kwa jina langu, fanya upesi unachofanya.

Sasa, mimi ni Mhehe, yeye Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakabaki kutaniana, na kwetu mtu akifa, mtani wake anaweza kuingia kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe anachotaka. Hakuna anayemgusa. Hata wafiwa wanabembeleza. Natupa ufagio, napanda barabara ya wima mbio mbio, nafika kwenye chumba cha Bi Skola, najilaza chali miguuni pake, boga langu limetokeza nje. Fagieni! nawaambia. Mimi mtani wake, sitoki! Wasio na uso wanatazamana, kazi ngumu hiyo kwa wasio na macho. Mwenyeji anafungua tai. Inuka basi, bwana. Siinuki. Hii ni takwimu, si msiba. Mnamzika mtu mzima mnasema si msiba? Bi Skola anacheka mpaka miguu inamrudia, kwanza visigino, kisha vidole. Unataka nini? anauliza mwenyeji kwa unyonge. Nataka kamba muilegeze, ilale inavyotaka yenyewe, na yeye akiwemo. Wanaiachia. Inashuka, inabembea, bado inapanda kidogo, uvivu uleule, na watu wa miji yote miwili, wakubwa kwa wadogo wa vichwa, wanaanza kuiruka. Tembo naye anajaribu.

Halafu mgongo unapata baridi. Nimelala chali kwenye sakafu ya ofisi, chini ya meza ya Bi Skola, kiti changu kimeanguka. Kwenye kompyuta nukta bado iko, juu kushoto. Dokta Nkini kasimama mlangoni, mwanga wa dirisha la korido uko nyuma yake, sioni hata pua. Nyaulingo, umefuta? Bi Skola kajishika mbavu kwa kicheko. Dokta, anasema, huyu kagoma, mpe anachotaka ainuke. Unataka nini? anauliza Dokta, kwa unyonge. Sijui niko upande gani, wa ndotoni au wa ofisini. Najinyoosha vizuri zaidi sakafuni, naanza kutaja masharti yangu.