Springi ya Kamera ya Mehul

Zamani, kabla simu za mkononi hazijamfanya kila mtu mpiga picha, ukitaka sura yako ibaki duniani ulivaa nguo za kanisani ukashuka Kisii mjini kwa Jitendra. Studio yake ilikuwa na pazia lililochorwa ziwa na milima yenye theluji. Watu wa Gesima, ambao alfajiri hiyo hiyo walikuwa wamechuma chai kwenye baridi ya kukata mifupa, walisimama mbele ya theluji ile na kutabasamu. Bonasi ya majani chai ilipotoka, foleni ilifika mpaka mlangoni kwa muuza mabati. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha giza, na ndani yake alikuwamo Anyona.

Alikuwa ameosha picha humo miaka ishirini na sita. Aliwajua watu wengi wa Kisii na Nyamira kwa sura bila kuwajua majina, akawa anawasalimu sokoni nao wakimshangaa. Kilichomfurahisha siku zote ni kitu kimoja: karatasi nyeupe ndani ya beseni la dawa, taa nyekundu juu, halafu jicho linatokea, halafu pua, halafu mtu mzima na tai yake ya kuazima. Aliipenda dakika ile kuliko chai, na Mgusii akikwambia hivyo usimtilie shaka.

Mehul, mtoto wa pekee wa Jitendra na mkewe Chandrakala, alilelewa nusu ghorofani kwao na nusu katika chumba hicho. Anyona ndiye aliyemfundisha kutikisa beseni polepole, na kufungua kamera mbovu huku akipanga skrubu kwa mstari ili asipoteze hata moja. Alipokua walimpeleka Leicester, Uingereza, kusoma. Mwezi wa kwanza wa mwaka tisini na tisa alirudi, na mkononi alikuwa na kamera isiyotumia filamu. Ilikula flopi, zile diski bapa za kompyuta. Ulipiga picha, ukaiona hapo hapo kwenye kioo kidogo nyuma, ukaichapa kwa printa. Anyona aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe.

Mjini watu walipagawa. Maharusi wote walitaka picha za flopi, ingawa ukizidondoshea tone la maji rangi ilitiririka. Katika miezi mitano kazi ya Anyona ilianza kuota nyasi. Kuna siku alikaa gizani mpaka saa sita bila kulowesha kidole, akatoka akijifanya amechoka. Hakuna aliyemwambia kitu, na hilo lilimuuma zaidi.

Mwezi wa sita Mehul alikwenda kupiga picha harusi ya Waadventista kule Manga. Alipanda juu ya kreti ya soda ili kwaya nzima ienee, kreti ikapinduka, yeye huku, kamera kule. Kamera ilibingirika mtelemko ule wa Manga mpaka ikasimamishwa na migomba. Jumatatu Mehul aliiweka juu ya kaunta na kusema imekataa. Ukiitia flopi, ilitoka nje na kioo kikaandika onyo.

Familia ilibishana kwa Kigujarati, kisha, kwa heshima ya Anyona aliyekuwa amesimama hapo, wakahamia Kiswahili.

"Kitu haitupwi kabla ya kufunguliwa," alisema Jitendra.

"Anunue nyingine tu," alisema Chandrakala. "Mimi nataka kijana yangu awe na kazi hapa. Hiyo tu."

"Hii haitengenezeki, Papa," alisema Mehul. "Ndani ni kompyuta. Wacha niende Leicester nichague nyingine mwenyewe. Mwezi moja, nimerudi."

Jitendra alikuna kidevu. Alikuwa mzee wa kushona viatu mara tatu kabla ya kununua vingine, lakini pia alikuwa baba. Akamsukumia Anyona ile kamera.

"Anyona ataifungua. Akisema imekufa, enda ununue. Akisema imepona, utabaki na hii."

Jioni hiyo, nyumbani Mosocho, Phanice, mke wa Anyona, alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi.

"Hiyo mashini ikikufa, wewe ndio unapona," alimwambia. "Sema imekufa, ule ulale."

Asubuhi Anyona aliifungua kwa bisibisi ya fundi saa. Kabla hata ya kuifungua alijua kuna aliyemtangulia. Skrubu nne za chini zilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa, na moja ndefu ilikuwa imetiwa mahali pa fupi. Ndani, springi inayobana flopi haikuwepo. Kitu kikivunjika kwa kuanguka huacha kipande, na hapo hapakuwa na kipande. Kindoano chake kilikuwa kizima, kisafi. Ndipo akakumbuka picha za Manga alizoziona kwenye kompyuta Jumapili. Maharusi walikata keki baada ya kwaya kuimba, na picha ya keki ilikuwamo. Kamera ilianguka, ikainuka, ikaendelea na kazi. Aliyeiua aliiua mjini, kwa mikono iliyofundishwa na yeye.

Mehul alisimama mlangoni pa chumba cha giza. Alikuwa mrefu sasa, kichwa chake kikigusa kamba ya kuanikia picha.

"Anko," alisema taratibu, "umeona."

"Nimeona. Iko wapi?"

"Nimeitupa." Akatazama chini. "Nikienda sirudi, Anko. Kuna kazi kule, na kuna mtu. Jina yake Shruti. Nilikuja hapa kumwambia Papa, nikashindwa. Kila siku anaonyesha wateja hii kamera, anasema, hii ni ya kijana yangu, amerudi. Sasa nitasema nini? Wewe sema tu imekufa. Na kazi yako itarudi. Najua imeisha kwa sababu yangu."

Mehul alipoondoka, Anyona aliketi akaitazama kamera. Nisikufiche, alishawishika. Neno moja tu, imekufa, na kijana angepata njia yake, naye angepata mabeseni yake, na hakuna ambaye angewahi kujua. Bonasi ingetoka, foleni ingefika kwa muuza mabati kama zamani. Aliifunika kwa kitambaa na kwenda kumwambia Jitendra hivyo.

Kaunta ilikuwa na Chandrakala peke yake. Alikuwa amemwaga maembe mabichi juu ya gazeti, anayakata vipande.

"Natia achari sasa," alimwambia kwa furaha. "Ikikaa jua mwezi moja inaiva vizuri. Mehul akirudi na kamera mpya, inamngoja."

Akilini Anyona alimwona mama huyu mwezi ukiisha, na wa pili, na wa tatu, akishuka ngazi kila simu ikilia. Angeweza kumvumilia akilia. Kumtazama akingoja kitu ambacho yeye Anyona anajua hakiji, hilo asingeliweza. Akageuka bila kusema lolote, akarudi gizani na kufunga mlango.

Kulikuwa na kamera za filamu alizozihifadhi kwa ajili ya vipuri. Alijaribu springi sita. Ya saba, iliyokuwa ikifunga mlango wa kamera moja nzee, aliikata, akaikunja kwa kibanio, akaivisha kwenye kindoano. Flopi iliingia, ikalia tik, ikatulia. Alikuwa amejitengenezea mwisho wake mwenyewe na alilijua hilo.

Alimwita Mehul na kumkabidhi.

"Imepona. Mimi nilipewa kazi ya kutengeneza, na nimetengeneza. Ukitaka kwenda, nenda. Lakini utaenda kwa mdomo wako, usiende kwa mdomo wangu."

"Anko, itamvunja mama."

"Itamvunja mara moja. Ile ingine ingemvunja kila siku."

Mehul alilia, mtu mzima, akiegemea sinki ambalo utotoni alilifikia kwa kupanda juu ya ndoo. Anyona alimwacha alie. Kisha kijana akapiga moyo konde, akapanda ghorofani na kuwaambia wazazi wake kila kitu, pamoja na habari ya springi. Anyona alisikia sauti ya Jitendra ikipanda, kisha ikishuka. Siku mbili studio haikufunguliwa. Siku ya tatu Jitendra mwenyewe ndiye aliyemnunulia mwanawe tikiti.

Mehul aliondoka mwezi wa nane. Kamera aliiacha, kwa kuwa ilikuwa mali ya studio, na sasa hakukuwa na mtu wa kuitumia isipokuwa Anyona. Kwa hiyo mtu wa miaka hamsini na mmoja aliketi mbele ya kompyuta, miwani puani, akajifunza kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakati mwingine aliingia chumba cha giza bila sababu, akasimama tu, akavuta harufu ya dawa iliyobaki.

Diwali ilipofika, Chandrakala alivaa sari ya kijani, Jitendra koti lake analolivaa kwa nadra, wakaja mbele ya ile milima ya theluji. Familia hii ilipiga picha kila Diwali. Anyona alikuwa na zote, tangu mtoto akiwa wa kubebwa. Aliinua kamera na kuwatazama kwenye kioo kidogo. Walikuwa wamesimama mbalimbali, mmoja kulia, mwingine kushoto, na katikati yao nafasi ya kutosha mtu mmoja. Hawakuwa wamepanga. Miguu yao ilikwenda yenyewe mahali ilipozoea.

"Sogeeni karibu kidogo," alisema Anyona.

Walitikisa vichwa kukubali, wakabaki pale pale.

Hakuwaambia tena. Alirudi nyuma hatua moja ili nafasi ile yote ienee kwenye picha, akabonyeza.